Kibuyu Nilichompelekea Jumbe

Juzi binti yangu alishindwa hata kula, akingoja matokeo ya kura za kijiji. Nilipomtazama nilimkumbuka baba yangu, alasiri ile kule Kaisho, siku alipochaguliwa jumbe mpya. Baba aliogopa kuonekana hakumtaka, tusije tukanyang'anywa kibanja chetu cha migomba. Akanipa kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akasema, "Kimbia, mwanangu, mpelekee jumbe!"

Mimi jumbe nilimjua mmoja tu, yule mzee aliyeondolewa asubuhi. Nilimkuta peke yake, nyasi mbichi alizowatandikia wageni zikinukia sakafuni, hakuna aliyezikanyaga. Nikapiga magoti, nikampa. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akanishika mkono, tukafuata vigelegele hadi kwa jumbe mpya.

"Ndugu yangu, wewe umeletewa vibuyu vyote," alimwambia, "mimi nimeletewa hiki kimoja. Njoo tunywe."

Baba aliposikia nilikokosea, alifika mbio. Wakamkatia mrija wa tatu wa kunywea, wakamcheka hadi naye akacheka.

Jana matokeo yalitoka. Nilijaza kibuyu, nikampelekea mgombea aliyeshindwa. Safari hii nilijua ninakokwenda.