Mkokoteni Nilioupaka Rangi Bure

Mimi niliyeishia darasa la saba na leo nina kampuni ya kupaka rangi hapa Garland, niliwatambia watu kanisani kwamba Marekani haina tena cha kunishangaza.

Mwezi jana mama mmoja Mzungu, nje ya Fort Worth, alinipa kazi ya kupaka rangi uzio wake kabla ya sherehe ya ukoo. Uani palikuwa na mkokoteni mkuukuu wa ng'ombe, mbao zimejaa mikwaruzo. Kwetu Kenya mgeni mkubwa akija, hata mawe hupakwa chokaa. Nikaamua kumfurahisha.

"Bosi, si tumuulize kwanza?" akasema Jean, fundi wangu Mrundi.

"Wewe piga msasa. Leo nakufundisha biashara."

Tukaupaka buluu, mikono miwili, rangi juu ya rangi.

Mama alipofika, alipapasa ubao kama kipofu. "Majina yalikuwa hapa," akasema. "Bibi wa bibi yangu aliyachonga kwa kisu majina ya wanawe wawili, aliowazika njiani walipokuwa wakihamia magharibi kwa mkokoteni huu."

Nilikosa pa kuuficha uso. Fundi wa vitu vya kale aliitoa rangi yote, majina asiyaone, nami nikalipa dola elfu tatu mia nne na sitini.