Nyanchera na Gari la Bwana Shariff

Shangazi yangu Nyanchera alijua kusikiliza mashine kabla hajajua kusoma. Baba yake, Nyasani, alikuwa na kinu cha maji kwenye kijito kilicho chini ya Marani, kimojawapo cha vile vilivyojengwa katika miaka ya thelathini, watu wa kwetu walipoanza kuchoka kusaga wimbi kwa mawe ya mkono. Gurudumu lilikuwa la mbao, mhimili wa chuma, na mawe mawili mazito yalisaga mchana kutwa. Nyasani hakungoja mhimili ukauke mafuta mpaka ushike moto. Kila asubuhi alichukua ufito mkavu, akaweka ncha moja kwenye chuma, akaiuma ncha ya pili kwa meno na kufumba macho, akisikiliza mtetemo. Binti yake alipofika umri wa miaka kumi, kazi hiyo akamwachia yeye.

Mwaka wa 1951 Nyanchera alikuwa ameolewa na Nehemiah, mwashi, wakiishi mjini Kisii, mji ambao sisi wenyewe tunauita Getembe. Walikuwa na mtoto mmoja, Bitutu. Nyanchera alipata kazi kwenye kinu cha posho cha Bwana Shueib, karibu na soko. Mwanzoni aliajiriwa kufagia na kupanga magunia. Siku moja akamwambia Shueib kwamba mkanda wa injini umeanza kuchanika na hautafika saa nane mchana. Shueib alicheka. Saa saba na nusu mkanda ulikatika, ukapiga ukuta, ukamwagia wateja unga. Tangu siku hiyo Nyanchera ndiye aliyeendesha kinu.

Ng'ambo ya njia palikuwa na gereji ya Eliakim Owino, Mjaluo wa pwani ya ziwa upande wa Kendu, aliyejifunza ufundi jeshini wakati wa vita. Alikuwa mtu mwenye bidii na maneno machache, na mji mzima ulimwamini. Yeye na Nyanchera walijuana kwa salamu tu, maana kelele za kinu hazikuruhusu zaidi.

Kisha Bwana Shariff akanunua gari.

Shariff alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa na ngozi. Mama yake, Bi Mariam, alikuwa amengoja miaka mingi kwenda Makka, na mwaka huo safari ilipatikana. Angepanda treni Kisumu hadi Mombasa, na huko angepanda meli. Shariff alikuwa amemwahidi tangu utotoni kwamba siku hiyo ikifika hatapanda lori juu ya magunia. Atapelekwa Kisumu na gari la mwanawe. Basi alipopata habari kwamba mkulima mmoja Mzungu upande wa Sotik anauza gari la zamani, alikwenda akalileta.

Lilikuwa gari jekundu, lenye boneti ndefu kuliko kitanda. Lilitengenezwa kabla ya vita na kulala kwenye banda miaka kumi. Kilichowashangaza watu kilikuwa mbele ya injini: chuma kinene kama mtungi, kilichoitwa supachaja. Ndani yake rota mbili zilizunguka ubavu kwa ubavu, zikivuta hewa na kuisukuma kwa nguvu ndani ya injini, ili gari lipande mlima bila kuchoka. Mwenye gari alikuwa amemwambia Shariff, "Itapiga kelele. Usijali, ndivyo ilivyo."

Na kelele ilipiga. Gari lilipopita sokoni mbuzi walikata kamba. Bi Mariam alitoka mlangoni, akasikiliza, akamuuliza mwanawe kama kuna mtu amefungiwa mle ndani.

Baada ya wiki moja, hata Shariff alianza kuwa na wasiwasi. Sauti ilikuwa inaongezeka, na gari lilikosa nguvu. Akalipeleka kwa Eliakim. Eliakim alifungua injini, akakagua vali, akakaza kila bolti, akafunga tena. Kelele ile ile. Akafungua mara ya pili. Safari ya Bi Mariam ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili, na kila alasiri bibi huyo alikuja na kigoda chake, akakaa mlangoni pa gereji akitazama, bila kusema neno. Eliakim aliniambia miaka mingi baadaye kwamba afadhali angemgombeza.

Siku ya tatu, Nyanchera alizima kinu adhuhuri, akavuka njia. Alikuwa mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi viatu.

"Fundi," alisema, "sijui magari. Lakini sauti hiyo nimeisikia siku tatu, na naona ni zaidi ya moja."

Eliakim hakuinua kichwa. "Ni supachaja, dada. Ndivyo inavyolia."

"Mlio mkubwa sawa. Huo ni wa meno ya gia, unapanda na kushuka bila kukwaruza. Chini yake kuna kitu kinafanya *sss*, na kingine kinakwaruza. Hivyo viwili havifanani na mtu anayefanya kazi yake."

Bi Mariam akasogeza kigoda. "Mwache asikilize, Eliakim. Wewe umeshasikiliza vya kutosha."

Eliakim akafuta mikono, akawasha gari. Nyanchera aliinama juu ya boneti, akipitisha mkono polepole kando ya bomba linalotoka kwenye supachaja kuingia kwenye injini. Mahali bomba lilipounganika na injini, aliona unga uliokuwa kwenye vidole vyake unaondoka. Ulivutwa kama uzi mwembamba, ukaingia kwenye ufa ambao jicho halikuuona. Akachota unga kidogo kutoka kwenye mkunjo wa kanga yake, akaunyunyiza. Nao ukapotea.

"Tazama," alisema.

Eliakim alitazama. Akamwomba anyunyize tena. Kisha akazima gari, akakaa kwenye tairi kuukuu, na kwa mara ya kwanza siku hizo tatu akatabasamu. Injini ilipokwenda polepole ilivuta hewa pale kwenye kiungo, na ilipopanda mlima hewa ilivujia hapo hapo. Gasketi ilikuwa imekauka na kupasuka. Ndiyo maana gari lilikosa nguvu. Jioni hiyo alikata gasketi mpya kwa karatasi nene, akaipaka grisi, akafunga. Ile *sss* ikaisha.

Asubuhi yake walilijaribu kwenye njia ya Marani: Eliakim kwenye usukani, Shariff kando yake, Nyanchera nyuma. Gari lilipanda kilima cha kwanza kama kwamba ni tambarare. Shariff alipiga goti lake kwa furaha, akapungia mkono kila mtu aliyekutana naye, pamoja na ng'ombe wawili. Lakini walipofika kilima cha pili Nyanchera alimgusa fundi begani.

"Bado inakwaruza. Na sasa inakwaruza zaidi."

Eliakim alikuwa ameisikia pia. Waligeuza, wakarudi mjini taratibu, na Shariff hakupungia mtu mkono tena.

Mchana huo Nyanchera alimwomba Shueib ruhusa. Shueib alimpa, akafunga kinu mwenyewe na kuja naye, maana habari ilikuwa imeenea na hakutaka kuhadithiwa. Nyanchera alikuwa ameleta ufito mkavu, mrefu kama mkono wa mtu mzima.

"Washa," alimwambia Eliakim. "Polepole."

Aliweka ncha ya ufito kwenye ubavu wa injini, akauma ncha nyingine. Akatikisa kichwa. Akahamia kwenye mfuniko wa juu. Hapana. Akaweka nyuma ya supachaja, kwenye gia, akasikiliza kwa muda, akasema, "Hapa ni salama." Kisha akaweka mbele kabisa, pale mhimili wa rota ulipoegemea beringi. Watu walimwona akifumba macho kwa nguvu. Aliuondoa ufito mdomoni.

"Hapa. Pamekauka kabisa. Ni kama mhimili wa tata, baba yangu, siku aliposahau mafuta."

Eliakim aliuchukua ufito, akaufuta kwenye ovaroli, akauma. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akainuka, akazima injini. "Nilikuwa nikisikiliza kwa masikio," alisema.

Waliondoa kipande kilichounganisha supachaja na injini, Eliakim akaizungusha rota kwa mkono. Ilizunguka vizuri nusu mduara, ikakwama, ikatoa sauti ya mchanga. Alipofungua mbele, beringi ilikuwa imekuwa ya bluu kwa moto, na gololi zake zimemomonyoka. Rota ilikuwa imeanza kulegea na kuugusa ukuta wa chuma kilichoizunguka. Siku chache zaidi, ingekula kila kitu.

"Lakini kwa nini ikauke?" Shariff aliuliza. "Oili iko. Niliijaza mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Supachaja ilikuwa na kitangi chake kidogo cha oili, na bomba jembamba la shaba lililopeleka tone kwa tone hadi kwenye beringi. Kitangi kilikuwa kimejaa tangu Shariff alipokijaza, na hakuna aliyejiuliza kwa nini hakipungui. Nyanchera alilichomoa lile bomba, akalipuliza. Halikupitisha pumzi. Eliakim akaingiza waya, akasukuma, na juu ya kiganja chake kikaanguka kipande cha udongo mgumu, mviringo, na nyuma yake bawa la nyigu.

Wote walikielewa bila kuambiwa. Bomba lile lilikuwa limefunguliwa gari lilipolazwa bandani, na nyigu wa udongo akaona ni nyumba nzuri. Bi Mariam aliomba alione lile bawa. Aliliweka kwenye kidole, akalitazama karibu na mwanga, kisha akacheka mpaka akaondoa miwani. Kucheka kwake kukaambukiza gereji nzima, hata Shariff ambaye ndiye aliyekuwa na hasara.

Beringi mpya ililetwa na basi kutoka Kisumu baada ya siku tano. Eliakim aliifunga, na kila alipokaza alimpa Nyanchera ufito. Siku ya mwisho gari liliwaka, na ule mlio mkubwa ulikuwa umebaki peke yake, laini, ukipanda na kushuka kama filimbi. Benta, mke wa Eliakim, alikuwa ameleta chai, akasema sasa mlio wake unafaa hata kuchezewa ngoma.

Bi Mariam alisema hatasafiri bila Nyanchera. "Huyu anajua linasema nini," alieleza. "Nyinyi mnajua kuendesha tu." Nehemiah alikubali kukaa na mtoto. Waliondoka jua likichomoza, Eliakim kwenye usukani na Shariff kando yake, siku ya Jumatatu badala ya Jumamosi, kwa sababu Nyanchera alikuwa Msabato na Jumamosi hakufanya kazi wala safari.

Njia nzima, kila kilima, Bi Mariam alimuuliza, "Linasemaje?"

"Linasema ni zima, Bi Mariam."

Walipopita Sondu, Nyanchera alinyoosha mkono ghafla. "Fundi, simama."

Eliakim alisimama, uso umembadilika. Kulikuwa na kitu kinagonga, kidogo, haraka haraka. Alifungua boneti. Nyanchera akaweka ufito hapa na pale, akakunja uso. Hakuna. Wakawasha, kugonga kukaendelea. Akazunguka nyuma, akafungua sanduku la mizigo, na humo akakuta birika la Bi Mariam limeegemea bati la sambusa, vikitetemeka pamoja. Alivisokomeza kanga katikati.

"Hata hilo lingetufikisha," alisema Bi Mariam kwa upole, "lakini sambusa zingekuwa unga."

Walikula sambusa hapo hapo kando ya barabara, wote wanne, na Eliakim alikula sita.

Kisumu, Nyanchera aliliona ziwa kwa mara ya kwanza. Eliakim akamuuliza anawaza nini. Alijibu kwamba anasikiliza maji mengi hivyo yasiyozungusha kitu. Kwenye stesheni, Bi Mariam alimshika mikono yote miwili kupitia dirisha la treni na kumwambia kwamba atamtaja kwa jina huko anakokwenda. Shariff alilia waziwazi, akiwa amesimama kando ya mwanamke wa Marani na fundi wa Kendu, na wote watatu walipunga mikono mpaka behewa la mwisho likapotea.

Kurudi, Eliakim alikanyaga pedali mpaka chini kwenye mlima mrefu. Upepo ulimvua Nyanchera kitambaa cha kichwa, ukakipeleka kwenye shamba la mtu, naye akacheka kwa sauti kubwa, akasema wakiache.

Bi Mariam alirudi salama mwezi wa kumi. Alimletea Nyanchera tende na kitambaa cha kijani cha gauni, ambacho mimi nimekiona. Kufikia hapo madereva wa malori walikuwa wamezoea kumngoja azime kinu adhuhuri, na Eliakim hakufungua injini ya mtu kabla Nyanchera hajaiwekea ufito. Alimlipa fungu lake kila mwezi, bila kuombwa.

Mwaka wa 1955 Nyanchera na Nehemiah walinunua injini ya dizeli iliyotumika, wakafungua kinu chao wenyewe Marani, ndani ya jengo la mawe alilolijenga Nehemiah. Siku ya kufungua, wanawake walipanga foleni na vikapu vya wimbi na mahindi tangu asubuhi. Shueib alikuja, Shariff alikuja, na Eliakim na Benta walileta samaki. Nehemiah alizungusha mkono wa kuwashia mara nne, jasho likamtoka, injini ikakataa. Nyanchera akamsogeza taratibu kwa kiuno, akaizungusha mara moja, nayo ikashika. Nehemiah akawageukia wageni, akasema kwamba alikuwa ameshaipasha moto. Wanawake wakapiga vigelegele, na unga wa kwanza ukaanza kushuka.