Raba za Marehemu Mwanangu

Mimi si mtu wa mbio. Skuli niliiacha mapema, nikaolewa, nikaletwa huku Dubai, na tangu hapo sijakimbia ila kuwahi basi. Lakini mwanangu alipokufa kwa saratani ya titi, mjukuu wangu, bintiye wa pekee, akaniambia kuna mbio za hisani Al Jaddaf, za kuwachangia wagonjwa wasioweza kulipia matibabu. Mama yake alipoumwa alikuwa akitembea huko huko kando ya maji, daktari kamwambia atembee.

"Nitamkimbilia mama, Bibi," akasema. "Na nitavaa raba zake."

"Raba hazipo."

"Ziko wapi?"

"Zimetoka."

Kwetu mtu akifa, nguo zake hazikai kabatini zikaliwa na nondo. Hutolewa sadaka, thawabu zimfuate mwenyewe. Na hutolewa kimya, aliyepewa hatajwi, watu wasije wakamtazama mwilini. Mabuibui, magauni, mkoba, vyote nilivitoa kabla ya arubaini, mjukuu wangu yuko kazini. Sikumuuliza, maana ningemuuliza asingekubali kitoke hata kitambaa cha kichwa.

Alininunia. Chai ananipa, maneno hanipi. Lakini siku ya mbio alinigongea mlango, tukaenda pamoja baada ya sala ya alfajiri. Kulikuwa na kibaridi. Watu wamevaa fulana za waridi, muziki unapigwa kama harusini. Mimi nikaona haya, nikajikalia kwenye benchi na chupa zetu za maji.

Mara akaja yule mlinzi wa kike, Mganda, aliyekuwa akifanya kazi hoteli moja na mwanangu kule Al Rigga. Mwanangu akitandika vyumba, yeye akisimama mlangoni. Naye amekuja kumkimbilia rafiki yake.

"Jaja!" Huniita hivyo, kwao ndiyo bibi. "Umekuja kukimbia ama kutuchunga?"

"Kuwachunga. Nenda kakimbie, usinichekee."

Mjukuu wangu hakucheka. Alikuwa anaitazama miguu ya yule mwanamke. Raba za kijivu, kisigino cha kulia kimelika upande wa nje, ndivyo mwanangu alivyokuwa akikanyaga. Nilimpa mimi. Alikuja matangani na viatu vimefumuka, na kazi yake kusimama kutwa.

"Hizo za mama," mtoto akasema.

Mganda akaitazama miguu yake. "Sikujua unazitaka, mdogo wangu. Pole. Ngoja nivue, mimi nitakimbia na soksi." Akaanza kuinama.

"Usivue," nikasema. "Nimekupa, ni zako."

"Bibi, ni za mama yangu!" Watu wakageuka.

"Najua ni za nani. Nimemzaa mimi."

Hapo machozi yakanitoka. Tangu tumzike sikuwa nimelia mbele ya mtoto huyu. Nilimwosha mwanangu kwa mikono yangu, lile kovu la titi lililokatwa nikalipitishia maji, nikasema nyumba hii lazima mmoja awe na macho makavu. Kwenye benchi lile nikashindwa. Nikajifuta kwa ncha ya mtandio.

Mtoto akanitazama. Niliona anavyoishika mikanda ya begi lake. Nikajua akigeuka sasa kwenda zake, na huyu nimempoteza.

Kipaza sauti kikaita. Mtu mmoja akapiga makofi kuwahimiza watu, "Yalla, yalla!"

"Dada," mtoto akamwambia Mganda, "wewe tangulia. Mimi nitakuwa nyuma yako."

"Nyuma yangu? Mimi sikimbii haraka, si unaona huu mwili?"

"Basi nenda polepole. Mama naye alikuwa mzito."

Wakaondoka. Wote wanatazama mbele, mjukuu wangu peke yake anatazama chini, raba zile zinanyanyuka na kushuka, naye anaweka mguu pale zilipotoka. Kisha umati ukawafunika.

Walirudi karibu na wa mwisho, muziki ushazimwa. Mtoto analia waziwazi, hajali watu, Mganda kamshika mkono.

"Zinamtosha, Bibi," akaniambia. "Zinamtosha sawasawa."

"Ndiyo," nikamwambia. "Zinamtosha."

Nikampa maji, hakunywa. Akaniegemea begani na jasho lake, na mimi sikumwambia anyamaze. Tukalia wote.