Refa alipuliza filimbi, kipa wa Moshi akakimbilia treni

Wakuu, salamu kutoka Voi. Hii siongezi chumvi hata kidogo. Ilimtokea baba, lakini amenisimulia mara nyingi mpaka kila nikipita hapa, hata safari ikiwa ya kwingine, lazima nishuke nitembee hadi stesheni.

Ni miaka ya hamsini. Baba, Mwakio, alikuwa mpagazi wa stesheni. Timu ya reli ya Moshi ikaja na treni kucheza na reli ya Voi. Kenya na Tanganyika, wakuu! International kabisa!

Siku hiyo ndiyo baba alipewa jezi mara ya kwanza. Kocha akamwambia, "Usipofunga leo, hiyo jezi unairudisha."

Refa? Mzungu, gadi wa treni ile ile iliyoleta wageni, yule anayetoa ishara treni iondoke. Kiswahili hana. Voi wanaitana kwa Kidawida, Moshi kwa Kichaga, yeye anapayuka Kiingereza. Nusu saa tu, ngumi zilikaribia kuruka.

Baba akakimbia stesheni, akarudi na vibendera, akampa refa. Chekundu simama, kijani endelea. Wote watu wa reli. Mechi ikanyooka!

Sare, bao moja kwa moja. Dakika za mwisho, Voi wakapata frikiki karibu na goli. Baba akaweka mpira.

Refa, kwa mazoea, akapuliza filimbi na kuinua kijani kwa pamoja.

Sasa, kwa mtu wa reli, hivyo viwili pamoja vina maana moja tu: treni inaondoka.

Moshi wote mbio stesheni! Kipa wao, Kimaro, mbele kabisa! (Hakuna aliyekumbuka kwamba gadi mwenyewe yuko uwanjani. Treni ingeondokaje?)

Goli tupu.

Wenzake wakapayuka: "Piga, Mwakio! Piga, we mjinga!"

Kimaro akasikia kelele, akageuka. Baba alikuwa ameinua mikono yote miwili juu ya kichwa. Kwenye reli hiyo ni hatari, simama.

Kimaro akafunga breki. Akarudi golini akihema.

Baba akapiga. Kimaro akapangua. Mechi ikaisha.

Wakati wa kuwasindikiza wageni, kocha akanyoosha mkono. "Jezi."

Baba akaanza kuvua. Treni nayo ikaanza kusogea. Kimaro akatoa kichwa dirishani: "Mwakio! Njoo Moshi unifunge kwetu!"

Kocha akakitazama kile kichwa mpaka kikapotea.

"Vaa. Tukienda kwao, frikiki ni zako."

Mimi nimejifunza hivi: kabla hujamfunga mtu, hakikisha mnaelewana.

Haya, nyinyi mngepiga? Semeni ukweli, msijifanye watakatifu hapa.