Kikombe cha Nabintu

Kama we ni mtu wa kucheka mambo haya, chekea mbali na mlango wangu. Mi sikusoma sana, kutunga sijui. Nasema kile macho yangu yaliona, tena mchana.

Nabintu alikuwa mjukuu wangu. Mimi njo nilimlea, toka Bukavu, Kongo, mpaka hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Alimpenda kijana anaitwa Bahati, wakazaa binti, Neema. Kisha Bahati akamwacha, akaenda Lilongwe, akafungua saluni ya kunyoa kule Biwi. Alikuwa anarudi kambini kumtazama mtoto, na kila akirudi amekonda zaidi, anakohoa. Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, akamnyoshea Nabintu kidole.

"Huyu njo alinipa karuho. Aliitia mu chai."

Karuho ni sumu ya kwetu, inaua polepole. Ukishaitwa mwenye karuho, nani atapokea kitu mkononi mwako? Nabintu alikuwa anauza chai sokoni. Kwetu Kivu anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele yako, ndipo unapokea. Basi alionja kila kikombe, na bado watu walimpita.

Halafu naye akaanza kukohoa. Akasema Bahati amelipiza, amemlisha karuho. Akakataa hospitali, akaenda kwa mganga wa kutapisha, kama watu wetu wanavyofanya wakidhani wamelishwa karuho. Alitapika mpaka nguvu zikaisha. Tulipomfikisha hospitali, daktari alisema ni kifua kikuu, na tumechelewa.

Baada ya mazishi, kijana aliyekuwa ananyoa pamoja na Bahati alikuja kunipa pole. Akaniambia Bahati alipimwa kule mjini kabla ya Jumapili ile, akapewa dawa, akazimeza kwa siri mpaka akapona. Umesikia? Alijua ni ugonjwa gani. Aliuleta yeye, kisha akamtwika mjukuu wangu jina la mchawi ili watu wasimkimbie yeye.

Juu ya kaburi tuliweka kikombe cha Nabintu, kile cha bati cha bluu, tumekitoboa chini kwa msumari, jinsi tunavyofanya ili mtu asikiibe. Lakini jina halikuzikwa. Kisimani, Neema akigusa ndoo ya wenzake, wanamwaga maji. "Mutoto ya karuho," wanasema. Mtoto akawa anarudi na ndoo tupu.

Nikachemsha chai, nikaitia kwenye thermos. Kwenye pindo la kitenge nikafunga sumu ya panya. Sikuwa naenda kwa Bahati kudai aniombe radhi. Nilikuwa naenda kumwua.

Njiani nilishuka Lumbadzi kubadilisha gari. Mvua ikashika, nikajibanza kwenye baraza ya duka. Mwanamke mmoja akakaa kando yangu, amejifunika kitenge mpaka puani. Akakohoa. Kikohozi kile nilikilalia kando miezi mingi, ningekikosaje?

"Koko," akaniita, ndivyo kwetu wanavyomwita bibi, "hiyo chai ni ya nani?"

"Ya Bahati."

"Na ile yenye umefunga mu kitenge?"

Nikalifunika fundo kwa kiganja. Akasema, "Ukimupa ile, Neema atakuwa mutoto ya karuho kweli kweli."

Akanyosha mkono, akafungua fundo mwenyewe, akaacha mvua ibebe ile sumu. Vidole vyake vilikuwa na udongo mwekundu kwenye kucha.

Tulipanda minibasi pamoja. Kondakta akamkalisha mama mmoja wa Kimalawi palepale alipokaa yule wa kikohozi, kama hamwoni. Yule mama akasema zikomo, yaani asante, kisha akaanza kutetemeka kwa baridi.

Saluni ilikuwa imejaa watu wa kwetu. Bahati aliponiona akacheka, mashine ya kunyoa inalia mkononi.

"Muangalie, nyumba ya chai imetutembelea. Koko, leo umeniletea nini?"

Thermos sikuifungua, uniamini. Lakini kikombe cha bluu, kile tulichokiacha kaburini, kilikuwa mkononi mwangu, kimejaa, kinatoa moshi. Mzee mmoja kwenye benchi akainama, akakitazama kwa chini.

"Hii kikombe iko na tundu. Mbona haimwagike?"

Bahati akakitambua. Alikuwa anakinywea kila asubuhi zamani za mapenzi yao. Bado akajikaza mbele ya wateja wake.

"Mwenye chai aonje kwanza," akasema.

Mi sikukigusa kwa mdomo. Chai ikapungua yenyewe, funda moja, kila mtu anaona. Kisha nyuma yangu, mahali pasipokuwa na mtu, kikatoka kile kikohozi.

"Ameonja," nikamwambia Bahati. "Pokea."

Kwetu, chai ikishaonjwa, anayeikataa njo mwenye neno la kuficha. Mzee wa benchi akasema polepole, "Kunywa, Bahati. Ameonja."

Mashine ikamponyoka. Akapiga magoti kwenye nywele za watu.

"Nabintu hakunipa kitu. Mi njo nilileta ile ugonjwa. Niliogopa mutanikimbia."

Akayasema yote, mpaka zile dawa. Alipomaliza, chai ikatoka kwa tundu mara moja, ikanimwagikia miguuni. Ilikuwa baridi kama maji ya kisima.

Waliosikia waliifikisha habari kambini. Leo Neema anachota maji, na wenzake wanakunywa kwenye ndoo yake. Bahati yuko hai, lakini kikombe chochote akikishika kinavuja, hata kipya cha dukani. Anakunywa bombani kwa viganja, ameinama kama mbuzi. Alituma watu nimsamehe. Niliwapa viti, nikawapa chakula, jibu sikuwapa.

Nawe unayekohoa, nenda ukapimwe, kisha umwambie unayelala naye. Ukimtwika mwenzako ugonjwa wako akafa nao, usidhani mambo yamekwisha. Atakuja na kikombe, na mbele ya watu ataonja kwanza.