Kiingereza cha Mjukuu Wangu

Ipo siku moja ya utoto wangu, mwanangu Nadège, ambayo naikumbuka kila ninapopanda tramu hapa Brussels. Nilikuwa msichana mdogo kule Lubumbashi, nimembeba mdogo wangu mgongoni, nazunguka naye uani nimenuna, kwa sababu wenzangu walikuwa wanacheza nami nimepewa ulezi. Sikuwa namsemesha hata neno. Bibi yangu alikuwa anachambua mboga mlangoni. Alinitazama, akanitazama tena, kisha akafoka:

"We, Albertine! Unabeba mutoto ao unabeba mufuko ya bunga? Umusemeshe!"

Nikamuuliza, mimi na mfuko wangu wa unga, nimwambie nini mtoto ambaye hata meno hana. Akasema nimwambie chochote: kuku yule, moshi ule, jua linachoma. Nilisonya kimoyomoyo, lakini nilisema. Kwetu ndivyo watoto walivyojifunza kuongea, kwa kusikia upuuzi wa dada zao kutwa nzima. Wala hakuna aliyeuita elimu.

Sasa panda tramu ya kuja kwangu Laeken jioni uone. Watoto wamekaa kwenye vigari vyao, kila mmoja ameshikishwa simu, kimya, midomo wazi, na mama zao nao vichwa chini. Roho inaniuma. Mara nyingine namsemesha mtoto wa mtu, na mama yake ananitazama kana kwamba nataka kumwiba.

Haya, wa watu ni wa watu. Wangu ni Eliya, mwanao, ambaye amefika umri wa kwenda shule ya watoto wadogo. Unakumbuka ile Jumapili ulipoita wageni ukamsimamisha mbele yao? Alitaja rangi zote kwa Kiingereza, na wanyama, na namba, kwa sauti ileile ya katuni za kwenye tableti yake. Watu wakapiga makofi. Ukanigeukia umejaa fahari:

"Maman, uko unasikia? Eliya iko intelligent, anasema anglais!"

Nikamuuliza Eliya kwa Kiswahili kama anataka maji. Hakugeuka. Nikamuuliza kwa Kifaransa. Nikamwita kwa jina lake. Mwanangu, mtoto yule hakuwa anasema na mtu yeyote pale sebuleni. Mlikuwa mnaipigia makofi tableti. Nilikwambia hivyo jikoni, ukacheka, ukasema mimi ni wa zamani. Ukaendelea kucheka mpaka mwalimu wake alipokuita, akakueleza kwamba Eliya hachezi na wenzake, haombi kitu, akiitwa haitiki. Daktari akamtazama masikio, akakuta ni mazima. Ndipo ukaja kulia kwangu, kwamba tableti imekuharibia mtoto.

Likizo ya Pasaka ukamleta akae nami. Tableti nilikurudishia palepale mlangoni. Ee Mungu wangu! Alilia, akanitupia kiatu, akaniuma mkono, jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Nilikasirika, sikufichi, na nilikukasirikia wewe kuliko yeye. Nikamkalisha kando yangu jikoni nikawa nasema peke yangu kama mwendawazimu: hiki kitunguu, haya mafuta, yule njiwa dirishani ni mchafu kweli. Hakujibu. Kesho yake vilevile. Niliona aibu, mtu mzima nagombana na ukimya wa mtoto.

Kisha siku ambayo ungekuja kumchukua, nilimwaga maharagwe mezani tuyachambue. Nilikuwa nayasukuma upande wa sufuria, na jiwe moja likanipita. Mkono wake ukazuia wangu.

"Non, Koko! Libwe!"

Koko ni mimi, bibi yake. Na libwe ni jiwe kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, neno nililomtajia kila tulipochambua. Alinibishia, mwanangu! Alinitazama machoni akanibishia. Nilijifungia chooni nikalia, asije akadhani nimekasirika. Na jiwe lenyewe hakukubali litupwe. Alilishika hata wakati wa kula. "Ya Mama," akasema nilipotaka kulichukua, yaani ni lako, amekuwekea wewe.

Ulipofika alisikia viatu vyako kwenye ngazi, akakimbilia mlangoni amenyoosha kiganja.

"Mama, ona! Libwe!"

Ulikuwa unaandika ujumbe. Ukasema, "Oui, oui, chéri, attends," yaani asubiri, na uso hukuinua. Akasubiri. Akasema tena, taratibu zaidi, "Mama, ona." Ukaendelea kuandika. Akageuza kiganja, jiwe likaanguka sakafuni, akanyoosha mkono uleule kuomba simu yako. Nawe ukampa.

Siku ile nilinyamaza kwa sababu ningesema maneno ya kujutia. Leo nasema. Najua unashinda kutwa ukiwainua na kuwaogesha wazee wa watu, na unafika hapa miguu imevimba. Sikuombi ucheze naye mpira. Lakini acha kuniambia kwamba tableti ndiyo imemharibu mtoto, kana kwamba ilijiingiza nyumbani yenyewe. Simu yako itie mkobani kabla hujabonyeza kengele. Ukiwa unapika, mweke karibu umwambie unachofanya, hata kama unaona ni upuuzi, hata kama hajibu. Hiyo michezo na katuni apewe kidogo, mkiwa mmekaa pamoja, na ikizimwa akalia, mwache alie. Na akikwambia ona, uache yote uone. Ni jiwe tu, ndiyo, ni takataka ya maharagwe. Uone hivyohivyo.

Mungu akupe nguvu, mwanangu, zile za jioni ambazo kazi haikubakizii. Akulainishie moyo unapochoka. Na amjalie Eliya asichoke kukuita kabla hujageuka.