Funza Kwenye Ndagala za Mama

Ndagala zilizonyeshewa, vile visamaki vidogo vya kukausha, zikinuka sokoni, naziba pua, nakumbuka mchanga wa ziwani. Mvua ilikuta mama amezianika pale, na baadaye funza zikajaa, zikitambaa kama wali wenye uhai.

Mjomba akacheka. "Shemeji, ona, zimejizaa zenyewe. Muumba hakuna."

Baba akatema mate. "Shetani weye! Hata funza iko na Muumba."

Wanaume wazima wakabishana mpaka jioni. Mama hakuwa na kingine cha kutulisha. Akasema, "Basi huyo Muumba akuje azitoe."

Hakuna aliyekuja. Mama akaziosha ndagala ziwani, akazikaanga.

Wale wawili wakasema wameshiba, wakaendelea kubishana. Sisi watoto tukala. Funza moja ikapasuka kati ya meno yangu.